Mutaliano wa Kupimia Bafle

Nyinyi bana benye munabaki na sono, hii mitambo ya muziki, mukae chini kidogo. Muzime ile ampli, inakula betri bule. Nimebarudishia funguo ya stoo juu magoti yangu imekataa pikipiki, na barabara ya Nakivale kwenda Mbarara inajua fasi ya kugonga mutu muzee. Muliniambia: «Mama Furaha, utuachie maneno ya kazi.» Sawa. Mi sikusoma. Nasema mu telefone, binti yangu Furaha njo anaandika, na kisha atanisomea yote kwa sauti, kwa hiyo asijaribu kunigeuza mwalimu. Nitabaambia namna nilianza, na namna tulikuwaka tunapima bafle, zile sanduku za kutoa sauti, na namna ile kupima ilikaribia kuvunja ndoa ya Nadine, binti wa mutu mwenye alinifundisha hii kazi. Ile ya Nadine muko munaisikia kwa batu benye habakukuwa pale. Banaitia chumvi. Mi pia nitaitia chumvi, lakini ya mutu mwenye aliona chungu.

Nilifika hii kambi ya bakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kutoka Uvira kwetu Kongo, na batoto na sufuria moja. Nikauza mandazi mu mutaa ya Kashojwa, mbele ya kibanda ya Murundi mwenye alikuwa anatengeneza maradio. Jina yake ya ubatizo ni Déogratias, lakini bote balikuwa banamwita Baba Nadine. Mutu mwembamba, musafi, anasema polepole kama mwenye anaonja mboga ya moto. Mandazi yangu haikukuwa muzuri sana, niseme ukweli. Batu balikuwa bananunua juu nilikuwa nabafanyia sauti. Mama wa soko, pasta, muzee wa kikohozi, bote nilikuwa nabatoa vile banakuwa. Na zaidi nilimufanya ule mukubwa wa kupanga laini ya posho. Siku moja nikamufanya kwa nguvu kidogo: «Wewe! Wewe na nguo ya njano! Laini moja! Kwa nini unasukuma mwenzako? Mimi naona!» Kumbe nyuma yangu batu benye balikuwa banapita bakajipanga. Bakajipanga kweli. Mama moja wa nguo ya njano akaenda mwisho, kichwa chini.

Baba Nadine akatoa kichwa mu kibanda.

«Emwe, mama, hiyo sauti unaitoa wapi?»

«Mu koo, baba. Kwenu munaitoaka fasi gani?»

Hakucheka. Ule mutu ukimuambia neno ya kuchekesha leo, anachekaka kesho. Akasema tu: «Bon. Jumamosi kuna ubatizo Ngarama. Uje ushike mikro.» Hivyo njo nilipata kazi. Hakuniuliza nilisoma wapi, na mi sikumuuliza sono ni nini. Nilifikiri ni chakula.

Kumbe sono ilikuwa radiokaseti ya milango mbili, ampli moja yenye ilikuwa inapata homa kila sherehe, betri ya gari, mikro yenye kichwa yake ilivalishwa soksi ya mutoto, na bafle mbili za mbao zenye Baba Nadine alizipigilia misumari yeye mwenyewe. Yote hiyo juu ya kinga moja, baiskeli ya kusukuma. Alisukuma usukani, mi nasukuma nyuma, na mu mulima mi njo nilikuwa injini. Alinifundisha njiani, juu njiani hakukuwa na kitu ingine ya kufanya. Betri usiiweke chini bila ubao. Waya isipite fasi batoto banacheza, na isipite fasi mbuzi inafungwa, juu mbuzi inapenda waya kuliko majani. Bafle uifunike na kitenge, juu vumbi ya Isingiro inaingia hata mu yai. Mikro usiipulizie fu-fu-fu. «Unataka kujua kama inasikia? Isalimie,» alisema. «Mtu ukitaka kujua kama anasikia, unampulizia usoni?» Nyinyi bana mupaka leo munapulizia. Nabaonaka.

Na kulikuwa kaseti. Haikukuwa na kifuniko, haikukuwa na picha, karatasi yake ilikuwa imefutika. Ndani yake mulikuwa mutu moja wa Italia, anaimba mu kitaliano, nyuma yake biolini mingi, zile zeze za bazungu, inamufuata kama bakwe. Baba Nadine alikuwa fundi wa maradio kule Bujumbura. Muteja moja alimuletea radio yenye kuharibika na ile kaseti ndani, akamuambia huyu mutu wa kuimba anajulikana dunia muzima, bazungu banavaa koti ili bakuye kumusikiliza. Kisha masasi ikaanza. Muteja hakurudi. Baba Nadine akakimbia na yeye, radio ikabaki, kaseti ikakutwa mu mufuko ya suruali juu alikuwa anaitumia kupimia.

«Kwa hiyo ni yako,» nikamuambia.

«Oya. Ni ya mteja.»

Miaka ikapita, tukazeeka, alikuwa bado anasema ni ya muteja. Nilikuwa namutania: «Baba Nadine, ule muteja wako sasa iko na bajukuu. Akikuya hapa Kashojwa atakuya kuomba meno.» Kesho yake anacheka.

Alinielezea zile nyimbo ni za tiyatri ya kwabo. Batu banasimama mbele na banaimba hadithi. Mutu anaachwa na bibi yake, anaimba. Mutu anachomwa kisu, anaimba.

«Na kisu mu tumbo?»

«Ndiyo, na kisu.»

«Kwetu Uvira mutu wa kisu anakimbiaka.»

Basi musikie namna ya kupima, juu nyinyi munapima na wimbo yoyote yenye iko mu telefone na kisha munashangaa. Mutaliano anaanza chini, karibu anaongea. Hapo unasikiliza kama bafle inanguruma muzuri ao inakohoa. Biolini zinaingia: hapo unasikiliza ile sauti ndogo ya juu, isiume sikio. Kisha anaanza kupanda. Anapanda, unafikiri amefika, anapanda tena, na kule juu anakamata sauti moja na anaishikilia mupaka we mwenye kusikiliza njo unakosa pumuzi. Kama karatasi ya bafle imepasuka, hata kidogo kama ukucha, pale njo utasikia zzzz, nzi mu chupa. Baba Nadine alikuwa anainama na sikio ya kushoto, yenye ilikuwa muzuri, mbele ya bafle moja, kisha mbele ya ingine. Mutaliano akifika juu na hakuna nzi, ananyosha mukono. Mi nabonyeza, kata. Bafle ni nzima. Tunaweka muziki ya batu.

Mi pia nilijaribu kumufanya ule Mutaliano. Pale chini naweza. Pale kati naweza kwa taabu. Pale juu inatoka mbuzi.

Kwanza sikujua juu ya nini tusipime na kwaya, wimbo yenye batu banapenda. Nikajua siku moja ya arusi Kaberebere. Baba Nadine alikuwa na malaria, akanituma peke yangu. Nikasema leo Mutaliano apumuzike, nitapima na wimbo ya kucheza. Sikufika hata kati. Bamama bakatoka mu jikoni na vijiko juu, bazee bakaacha fimbo, mutu akasema sherehe imeanza, mwingine akafungua masufuria. Padri alipofika na bibi arusi na bwana arusi, balikuta mifupa. Nikarudi nikamuambia Baba Nadine yote, na namna padri aliangalia sufuria: «Wapendwa… wapendwa, na sisi je?» Alikuwa mu kitanda, anatetemeka na homa, na mara hii hakungojea kesho. Alicheka mupaka kitanda ikalia. Kisha akasema: «Unapima na wimbo ambao hakuna anayeucheza, Mama Furaha. Hapo watu wanajua bado.»

Na kweli balijua. Mu Kashojwa muzima, mutu akisikia Mutaliano anajua bado. Njo saa ya kwenda kuoga, kutafuta kiti, kufunga mbuzi. Batoto balikuwa banakimbia banaegemea bafle na mugongo juu ilikuwa inabatekenya. Bamama balikuwa banaulizana mu shamba: «Mutaliano amesha kupita?» «Bado.» «Basi nimalizie huu mustari.»

Mama Nadine alikufa Nadine akiwa bado mudogo. Kwetu Bakongomani, kwenye kilio tunaimba, tunapiga ngoma, tunasumbua mufu mupaka anachoka na sisi. Nilikuwa nimesha kutafuta waya. Baba Nadine akasema oya, kwao muziki hapana, mupaka siku ya kuganduka, siku yenye jamaa inakaa pamoja na inamaliza kilio. Akafunika bafle na kitenge ya bibi yake. Batu ba arusi bakakuya, akabatuma kwa bengine. Nadine alikuwa analala kwangu na Furaha, na asubuhi anaenda kukaa juu ya bafle yenye kufunikwa, kimya, kama kuku yenye inalalia mayai. Siku ya kuganduka ilipopita, nilifikiri Baba Nadine ataweka kwaya ya kanisa. Aliweka Mutaliano, chini kabisa, akainama na sikio yake. Nikauliza: «Zimeharibika?» Akasema: «Hapana. Nilitaka kujua kama mimi bado nasikia.»

Kaseti ikaanza kuchoka. Mutaliano akawa anaimba kama mutu mwenye iko ndani ya maji. Nikaenda nayo Mbarara, karibu na paki ya taksi, kwa kijana moja mwenye alikuwa anatoa nyimbo mu kaseti na anaingiza mu flash. Akasikiliza, akafunga uso.

«Nyabo, hii ni ya mazishi ya wazungu?»

«Ni ya kupima bafle.»

«Kale, sawa.» Akatafuta mu kompyuta yake. «Banange! Huyu mtu iko na nyimbo mingi sana. Angalia. Angalia hapa. Hii yote ni yeye. Nikupe yote?»

«Sitaki yote. Bafle yangu inajua hii.»

Akaniingizia hiyo moja mu flash, kisha akanionyesha picha ya Mutaliano. Nilikuwa nangojea mutu kama mulima. Nikaona mutu wa kawaida, tumbo ya kawaida, anafanana na muuza nyama mwenye nilikuwa namujua Kaberebere, mwenye anakupa mifupa na anakuambia ni nyama. Nikarudi nikamuambia Baba Nadine. Akasema nisimuelezee sura yake tena. Alikuwa amesha kumutengenezea ingine mu kichwa.

Sasa Nadine. Alikomaa, akasoma, akapata kazi mu duka ya dawa kule Mbarara, na kule akapatana na kijana Munyankole, jina yake Amos, mutoto wa batu ba ngombe. Kijana muzuri, aliposalimia Baba Nadine alipiga magoti mu vumbi na suruali yake ya kupiga pasi. Lakini jamaa yake ilikuwa na maneno. Shangazi zake balikuwa banauliza kama kule kambini batu banajuaka desturi. Bakakubaliana kufanya kuhingira, ile sherehe yenye baba anatoa binti kwa bakwe, mu ukumbi moja pale Mbarara. Musemaji wa bakwe, muzee wa fimbo na kofia, akatuelezea kila kitu: «Mzee, wewe unashika mkono ya binti toka mlango mpaka hapa mbele. Unamkabidhi kwetu. Lakini ukimuachia katikati, sisi tutajua bado uko na maneno. Tutasimamisha kila kitu, tutakaa chini tena.»

Hiyo neno njo iliua usingizi ya Baba Nadine. Akakuya kwangu.

«Mama Furaha, mimi naogopa kitu kimoja. Nisije nikamwachia mkono. Wataona mbele ya watu wote kwamba mkimbizi hajui hata kutoa mtoto wake.»

Basi tukafanya mazoezi mu uwanja yangu, mi niko Nadine. Nikavaa chandarua mu kichwa.

«Polepole, Papa,» nafanya sauti ya Nadine. «Hatuendi kuchukua posho.»

«Mama Furaha, usicheze.»

«Papa, unanivuta. Papa, kuku.»

Tulizunguka ile uwanja mupaka jirani bakauliza nani anaolewa. Hakuniachilia hata mara moja, hata pale goti yangu ilikataa na nikataka kukaa.

Siku ikafika. Na hatukubeba kitu. Nafikiri hiyo njo ilituvuruga akili. Miaka yote tunaingia mu sherehe kwa mulango ya nyuma na waya mu shingo. Leo tunaingia mbele, tumevaa, mikono bule. Sono ilikuwa ya kijana wa Mbarara, bafle nyeusi, ndefu kushinda mutu, mbili huku na huku. Bakwe bakakaa upande moja, bamama na mishanana yao, zile nguo ndefu za kufunga ku bega, shingo ndefu, banasalimiana kwa sauti ya maziwa. Sisi ba Kashojwa tukakaa upande ingine. Tulikuwa basafi, nabaapia. Nilikuwa nimepita ku kila nyumba kusema: mutu asisimame, asikule kabla, asilete mutoto wa jirani.

Kitu yenye sikujua, Nadine alikuwa amemupa ule kijana wa muziki flash kwa siri. Alitaka kuingia na wimbo ya baba yake. Alitaka kumufurahisha.

Musemaji akainua fimbo: «Mzee, leta binti!» Mulango ikafunguka. Nadine alikuwa pale, mu nguo nyeupe, muzuri mupaka mi nikasahau kutania. Baba Nadine na koti yake ya bluu, mukono yake imeshika mukono ya mutoto vile tulifanya mazoezi. Na Mutaliano akaanza, pale chini.

Upande ya bakwe bote bakasimama, kimya, heshima.

Upande yetu… Yesu. Mama Zawadi, jirani yangu, akalegea mu kiti akasema: «Ah, bado banapima.» Akafungua mukoba akatoa karanga. Banaume bakasimama kwenda kutafuta viti ingine. Mutu moja akatoka nje kufungua suruali. Batoto bakakimbia kati ya ukumbi, bakapita mbele ya bibi arusi bila kumuangalia, bakaegemea zile bafle na mugongo. Na mi mwenyewe, nikaangalia chini, naona kidole yangu ya gumba iko juu ya mukoba, inangojea kubonyeza.

Nikainua macho kumuangalia Baba Nadine. Kichwa yake ilikuwa imelala upande ya kushoto.

Nikasema mu roho: hapana, Baba Nadine. Hapana.

Akaachilia mukono ya Nadine. Aliiachilia polepole, vile mutu anaweka chini yai, na hakujua kama ameiachilia. Akaenda ku bafle ya kwanza. Akasukuma batoto kidogo, akainama, sikio mbele. Biolini zikaingia. Akavuka ukumbi muzima, mbele ya mishanana yote ile, akainama mbele ya bafle ya pili. Mutaliano akapanda. Akapanda tena. Akakamata ile ya juu. Hakuna nzi. Baba Nadine akasimama wima na akanyosha mukono.

Kijana wa muziki aliona muzee wa arusi amenyosha mukono. Akakata.

Mama Zawadi akaacha kutafuna.

Nadine alikuwa peke yake mu mulango. Amos akaangalia mama yake. Mama yake Amos, mama murefu mwenye hakuwa amecheka tangu asubuhi, akainamia dada yake, na kinyankole yao mi naisikiaka, soko ya Mbarara ilinifundisha. «Anataka ngombe ingine?» Dada yake akajibu: «Nilikuambia.»

Musemaji akashika fimbo na mikono mbili. «Mzee. Kuna maneno?»

Baba Nadine akaangalia mukono yake, yenye ilikuwa bado juu. Akaangalia mulango. Nikaona amejua, na nikaona uso yake inazeeka pale pale. Alifungua mudomo, na neno moja tu njo ilipatikana ndani:

«Zinafanya vizuri.»

«Nini inafanya vizuri?» musemaji akauliza.

Nikasimama. Kazi yangu yote ni kusema mbele ya batu, nikasema leo sauti isinikatae. «Bakwe bapendwa,» nikaanza, na sauti ya mama wa kanisa, «kwetu kuna desturi. Baba anaachilia binti kidogo, anaenda kusikiliza kama… kama nyumba yenye binti anaingia iko na…» Nyuma yangu Murundi moja akanong'ona kwa nguvu: «Kwetu wapi?» Musemaji akageuka kunitafuta na macho, na nikaona uongo yangu haina miguu.

Pale njo tukasikia Nadine. Alikuwa anacheka. Pazia ya kichwa yake ilikuwa inatetemeka, machozi inashuka, na anacheka.

«Papa! Ni nzima?»

Ni vile alikuwaka anauliza akiwa mutoto, juu ya ile bafle yake, miguu inaning'inia, kila siku ya kupima.

Baba Nadine akajibu bila kufikiri: «Ni nzima, mwana.»

«Yote mbili?»

«Yote mbili.»

«Basi kuja unishike. Wimbo ni wetu. Mimi ndiye nimeuomba.» Kisha akageukia bakwe, akabaambia na kinyankole muzuri, bila kuinamisha kichwa: «Baba yangu ni fundi wa sauti. Amenilea na wimbo huu. Hana maneno. Amesikia kazi, akaenda kazini.»

Mama yake Amos akaangalia yeye, akaangalia yule muzee wa koti ya bluu mwenye alikuwa anarudi peke yake mupaka mulangoni, njia yote ile, kila mutu anamuona. Alipofika akashika mukono ya mutoto na mikono yake mbili. Musemaji hakushusha fimbo. Alikuwa anangojea aone.

Nikaenda ku meza ya kijana wa muziki. «Anza mwanzo. Na leo usikate.»

«Nyabo, nani amekata? Si mzee yako ndiye alinyosha mkono?»

«Hata nikinyosha mi. Hata Papa wa Roma anyoshe. Usikate.» Nikachukua mikro, nikaisalimia, nikatoa ile sauti ya laini ya posho: «Watu wa Kashojwa! Hapana kupima! Leo ni yenyewe! Wewe na karanga! Kaa chini! Mimi naona!»

Bakakaa. Hata bakwe benye balikuwa banasimama bakataka kukaa.

Mutaliano akaanza tena pale chini, na Nadine na baba yake bakaanza kutembea. Biolini zikaingia. Kichwa ya Baba Nadine ikataka kulala kushoto, akairudisha. Mutaliano akapanda, akakamata ile ya juu, na upande yetu bote tukavuta pumuzi na mabega, tunangojea kata. Nikaona mukono ya Baba Nadine yenye ilikuwa wazi inaanza kupanda. Nadine akamufinya. Ikashuka.

Na wimbo ikaendelea. Mu Kashojwa muzima hakuna mutu mwenye alikuwa amesikia Mutaliano akipita pale. Kumbe kule nyuma anashuka, anapunguza sauti, anakuwa kama mutu mwenye ametua muzigo na anaomba maji. Baba Nadine hakujua ile njia. Muguu yake ikasimama. Akaangalia Nadine, na Nadine, mwenye alikuwa anaisikilizaka yote mu chumba yake pale Mbarara, akamuvuta kidogo. Kutoka pale, mutoto njo alikuwa anapeleka baba.

Bakafika mbele. Amos akanyosha mikono. Lakini Mutaliano alikuwa bado, na Baba Nadine hakuachilia. Alikuwa amesimama, anasikiliza, mutoto mu mukono.

«Mzee anangojea nini tena?» dada ya mama yake Amos akanong'ona.

Mama yake Amos akamujibu: «Anangojea wimbo. Nyamaza.»

Basi tukangojea bote, ba karanga na ba mushanana. Mutaliano akasema maneno yake ya mwisho karibu bila sauti. Ikabaki biolini moja, nyembamba, kama uzi yenye inatoka mu kitambaa. Kisha hata hiyo ikaisha, na kijana wa muziki hakugusa kitu.

«Kumbe anamalizaga polepole hivi,» Baba Nadine akasema.

«Polepole, Papa.»

Na Baba Nadine hakumuachilia, mi nilikuwa karibu, niliona. Nadine njo aliachilia, kidole moja, na ingine, na ingine, akaenda kwa Amos. Mukono ya muzee ikabaki pale mbele, wazi, haijui fasi ya kwenda. Mama yake Amos akatoka ku kiti yake, murefu vile, akaikamata.

«Kuja, mzee,» akamuambia. «Kuja kaa na sisi.»